Karoti za Jicho la Kushoto

Kwenye mazishi ya Mama Nkatha tulipakuliwa wali, kabichi na mchuzi wa nyama uliojaa karoti, na mimi, mwanamke mzima mwenye mvi, nikacheka nikiwa nimeshika sahani kwenye foleni. Mama aliyekuwa akipakua akanitazama kwa huruma, akaniongezea mchuzi. Alidhani kilio kimenigeukia, kwa maana watu hulia kwa namna nyingi. Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Nilikwenda kukaa chini ya mgomba nyuma ya jiko, mahali ambapo ningeweza kuiona bustani, na nikala karoti moja moja, nikikumbuka mwaka nilioishi katika boma lile, mwaka ambao nilidhani nimekuja kufundisha.

Nilifika Githongo mwezi wa Januari, muda mfupi baada ya kuhitimu chuo kikuu, nikiwa na shahada ya falsafa ambayo hakuna aliyejua itumike wapi. Shule moja ya sekondari ilikuwa na upungufu wa walimu, wakanichukua nishike darasa mpaka atakapoletwa mtu aliyesomea ualimu. Kwetu ni Karurumo, upande wa Runyenjes huko Embu, na jina langu huko ni Wawira. Nilipoingia Meru nikawa Kawira, kwa kuwa jina ni lile lile na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Nilipangishwa chumba kwa Mwalimu Mugambi, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, na mkewe ambaye wote walimwita Mama Nkatha. Chumba chenyewe kiliwahi kuwa stoo ya kahawa. Magunia yalikuwa yameondolewa lakini harufu yake ilibaki, na mvua ikinyesha ilitoka ukutani kana kwamba gunia limefunguliwa upya. Kati ya kitanda changu na jiko palikuwa na ukuta wa mbao tu, na mbao zilikuwa zimekauka zikaachana. Kwa hiyo moshi wa jikoni ulikuwa wangu, mlio wa mwiko ulikuwa wangu, na mazungumzo ya Mama Nkatha na mumewe, nipende nisipende, yalikuwa yangu pia.

Siku hizo nilikuwa nauliza kila kitu. Niliuliza kwa nini mwanamume aletewe maji ya kunawa akiwa ameketi hali mwanamke aliyepika ananawa akiwa amesimama. Niliuliza kwa nini tunaombea chakula kikishaiva badala ya kukiombea kikiwa bado shambani. Sikuenda kanisani, na nilipoulizwa sababu niliitoa, kwa urefu. Ningekuwa kwingine huenda wangenifukuza. Mwalimu Mugambi alifurahi. Alikuwa amefundisha watoto waoga maisha yake yote, na sasa kaletewa mtu wa kubishana naye juu ya sahani ya githeri. Akanipa jina la Wakili. "Wakili," angesema nikiingia, kabla hata sijaketi, "leo umemshtaki nani?" Na Mama Nkatha angejibu kutoka jikoni, "Mwache ale kwanza. Kesi haikimbii."

Lakini jicho la Mwalimu lilikuwa linakimbia. La kulia lilikuwa limezimika kabla sijafika. La kushoto lilikuwa likijifunga kutoka pembeni, hata akawa anaona kilicho mbele yake tu, kama mtu achunguliaye ndani ya mwanzi. Aligonga bega kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kuku akipita ubavuni mwake alishtuka. Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa amewaambia wazi kwamba ni presha ya macho, kwamba lililopotea halirudi, lakini jicho la kushoto likifanyiwa upasuaji mapema lingebaki na kile lilichonacho. Mwalimu alikataa. Mtu wa rika lake, jirani wa ng'ambo ya mto, alikuwa ameenda kupasuliwa jicho. "Alienda akijiongoza," Mwalimu alisema, "akarudi akiongozwa."

Mama Nkatha akawaita wazee wa kanisa. Nawaona bado wakiwa wamebanana kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kila mmoja na kikombe cha chai juu ya goti, wakizunguka mbali na kukaribia polepole kama watu wanaotaka kumshika ng'ombe mkali. Walianza na bei ya kahawa, wakapita kwenye mvua, wakafika kwenye macho. Mwalimu akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, kama vile yuko mbele ya darasa.

"Nimewafundisha watoto wa hapa kwamba karoti ni dawa ya macho," alisema. "Hata wewe, mzee wa kanisa, nilikufundishia watoto wako. Sasa nikimbilie kisu kabla sijatumia dawa yangu mwenyewe? Nitakula karoti kwanza. Na si hizi za sokoni, za Timau, zinazopigwa sumu ya wadudu mpaka nguvu inaisha. Nitapanda zangu, hapa nyuma ya jiko. Siku nitakayovuna karoti zangu, jicho likiwa bado linasumbua, nitakwenda huko mnakotaka."

Wazee wakatazamana. Neno limesemwa, tena mbele yao, tena juu ya chai ya nyumba yake. Wakalipokea, wakaomba, wakaondoka. Jikoni nilisikia kifuniko cha sufuria kikigongwa kwa nguvu isiyohitajika. Kuna watu waongo ambao ahadi zao ni moshi, na ingekuwa rahisi kama Mwalimu angekuwa mmoja wao, kwa kuwa mtu wa namna hiyo unaweza kumgeuza. Yeye angetimiza. Angekwenda hospitali siku ile ile ya mavuno, na hangekwenda siku moja kabla yake.

Nilijaribu, bila shaka. "Mwalimu, karoti humsaidia mtoto aliyekosa lishe. Presha ya macho ni kitu kingine kabisa. Haisikii karoti."

"Nani amekuambia?"

"Vitabu."

"Na mimi nilifundisha kutoka wapi? Kwenye mti?"

Mvua za Machi zilipokaribia alinunua pakiti ya mbegu. Hakuna aliyewahi kuotesha karoti katika boma lile. Walipanda sukuma wiki, kabichi, vitunguu, na vyote hivyo huanzia kitaluni: unamwaga mbegu kwenye kitanda kidogo cha udongo laini, unafunika kwa majani ya migomba, na miche ikipata nguvu unaing'oa na kuihamishia shambani. Ndivyo Mwalimu alivyokuwa amefanya maisha yake yote, ndivyo alivyofundisha kwenye bustani ya shule, na alipoanza kutengeneza kitalu hakuna jirani aliyepita njiani ambaye angeona kosa. Mimi nilisoma pakiti. Kwa maandishi madogo sana ilisema mbegu zipandwe moja kwa moja zitakapokulia, zisihamishwe.

"Pakiti imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika Githongo," alisema Mwalimu.

"Lakini ndiye aliyetengeneza mbegu."

"Wakili! Unauliza kama Mungu yuko, halafu unaiamini karatasi?"

Mama Nkatha alicheka mpaka akaweka jembe chini. Nami nilikuwa nimepigwa kwa fimbo yangu mwenyewe. Miche ilipotoka ilikuwa myembamba kama nywele za mtoto mchanga, na tuliihamisha wote watatu, asubuhi ya Jumamosi yenye manyunyu. Mwalimu alipiga magoti, akatoboa mashimo kwa kidole, akaingiza kila mche kwa kupapasa. Mama Nkatha alimpa miche kutoka kwenye ungo, mmoja mmoja, akimwekea kiganjani. Mimi nilimwagilia kwa kopo lililotobolewa chini. Sijawahi kuona kazi iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi ya ile, na yote ilikuwa kosa.

Tulizing'oa mwezi wa Julai, wakati wa baridi, ukungu ukiwa umekaa juu ya kahawa. Ya kwanza ilikuwa na miguu miwili. Ya pili ilikuwa na mitatu, mmoja umejizungusha kwenye mwingine. Mwalimu alizipapasa, akazisogeza karibu na jicho lake, akazirudisha.

"Hii ni nini?"

"Ni karoti," alisema Mama Nkatha.

"Karoti gani inavaa suruali?"

"Tuichemshe, ule. Tumbo halina macho."

"Niliwaambia wazee karoti. Sikuwaambia miguu." Akakusanya mavuno yote na kumpelekea ng'ombe.

Sasa nilikuwa namsomea gazeti, kwa kuwa maandishi yalikuwa yamemshinda. Siwezi kusema alikuwa na huzuni. Alinirekebisha matamshi, akabishana na mhariri, akaniuliza kama Embu nako kuna watu wajinga hivi. Lakini jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, nilimwona akipita na mkono ukutani kutoka chumba hadi chumba, akijifundisha nyumba yake. Na Mama Nkatha alimwona akifanya hivyo. Akanunua pakiti nyingine, na safari hii hakumwuliza mtu. Alichanganya mbegu na mchanga, akazimwaga kwenye vifereji vifupi moja kwa moja, akafunika kwa nyasi kavu, na kila asubuhi kabla ya kukamua alikwenda kufunua pembe moja na kuchungulia. Karoti ni mmea usiojali haraka ya mtu. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha pakatoka nyuzi za kijani, na tukajua kwamba zitakuwa nzuri, na kwamba zitakuwa tayari mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimeshapita.

Asubuhi moja ya Septemba Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya mlango, jua limempiga usoni kabisa, kikombe cha uji mkononi. Akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Leo jua limekataa kutoka."

Jikoni mwiko ulisimama.

Baada ya muda niligongewa kwenye mbao. "Kawira," Mama Nkatha alisema kupitia ufa, "wewe huuliza kila kitu. Leo nakuomba jambo, na usiniulize."

Siku ya soko tulikwenda kwa Bi Halima, mfanyabiashara wa kutoka Meru mjini aliyeleta mboga za Timau kwa pikapu yake. Alikuwa na karoti nzuri, ndefu, zimeoshwa zikang'aa. Mama Nkatha akazikataa.

"Nataka zenye majani," alisema. "Na zisiwe zimeoshwa."

"Dada, watu wote hulia nizioshe, wewe wataka na udongo?" Bi Halima akafunua gunia la nyuma. "Hizi hapa zimeng'olewa jana. Umefungua hoteli ya sungura?"

"Ni za mgonjwa."

"Basi Mungu amponye. Ila huyo mgonjwa wako ana masharti."

Udongo wa Timau ni mweusi na wetu ni mwekundu, kwa hiyo ilibidi tuzioshe kwenye ndoo hata hivyo. Mwalimu alikuwa ndani akisikiliza taarifa ya habari kwenye redio, kwa sauti ya juu. Mama Nkatha alitoboa mashimo kwa mti wa kuchimbia, mwisho wa bustani ulio karibu na jiko, pembeni kidogo ya zile ndogo alizozipanda. Mimi nilizididimiza karoti mpaka shingoni, nikakandamiza udongo mwekundu kuzizunguka, nikasimamisha majani. Mimi niliyekataa kwenda kanisani kwa sababu sikutaka kutamka nisichokiamini, nilipiga magoti pale nikipanda uongo uliokwisha kukomaa. Na niwe mkweli, nilifurahia. Tulikuwa tunazuia kicheko kama wasichana wawili walioiba sukari. Kisha nikamtazama, nikaona kwamba yeye anachozuia si kicheko.

"Mwalimu!" aliita. "Njoo. Karoti zako zimekuwa tayari."

Redio ikazimwa. Alikuja na mkono ukutani, kisha mkono begani mwa mkewe. "Mapema hivi?"

"Huu mwezi umekuwa na umande."

Alipiga magoti. Akapapasa majani, akashuka nayo mpaka shingoni mwa karoti, akashika, akavuta. Ikatoka. Aliiweka kwenye kiganja, akaipitishia kidole gumba kutoka juu hadi chini. Akainusa. Ng'ombe zizini alikuwa anatafuna kana kwamba hakuna linalotokea.

"Imenyooka," alisema.

"Imenyooka," alijibu Mama Nkatha.

Akaipangusa kwenye suruali, akauma, akatafuna kwa muda mrefu. "Nzuri," alisema. "Malimbuko hayaliwi nyumbani yakaisha. Zing'oeni zilizobaki. Jumapili tutazipeleka kanisani."

Jikoni Mama Nkatha alishika kichwa. "Kai, Kawira! Kumdanganya mzee nimejitwika. Sasa na Mungu nimpelekee karoti za Halima?"

"Kwani za Timau aliziotesha nani, si yeye?"

Akanitazama kupitia moshi. "Leo ndiyo umemjua?"

Jumapili ile nilikwenda kanisani, mara moja tu mwaka ule. Mbele ya madhabahu palikuwa na mkungu wa ndizi, maziwa kwenye chupa, viazi vikuu, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alikatiza mahubiri mara kwa mara. Mwalimu Mugambi alitembea katikati ya viti akiwa ameshika mkono wa mkewe, mkono mwingine umebeba karoti kwa majani yake, kama maua. Akazitoa. Kisha akageukia watu, akiwa ametazama kidogo kando ya mahali walipokuwa.

"Nilisema mbele ya wazee kwamba nitavuna kwanza," alisema. "Nimevuna. Jicho bado ni lile lile. Kesho naenda hospitali."

Wazee wakasema amina. Mama Nkatha alitazama viatu vyake wimbo mzima.

Alipasuliwa. Alichokuwa amepoteza hakikurudi, kama daktari alivyosema, lakini alichobaki nacho kilibaki: kipande kidogo cha dunia, kilichomtosha kuona uso wa mtu aliyesimama mbele yake. Aliporudi alishuka garini, akasema kwamba Mama Nkatha amekonda, na mkewe akaingia jikoni haraka, akakaa huko. Karoti za kweli ziliiva mwanzoni mwa Desemba, siku Mwalimu alipokuwa amerudi hospitali kukaguliwa jicho. Tulizila sisi wawili, mbichi, tukiwa tumeketi kwenye vigoda. Zilikuwa fupi na tamu. Tulikula ushahidi mpaka ukaisha, na nilipoondoka Desemba, mwalimu aliyesomea kazi yake alipopatikana, Mama Nkatha alinisindikiza mpaka barabarani bila kulitaja jambo lile. Hakulitaja tena hata siku nilizorudi kumtembelea. Nami nimeishi miaka mingi nikiwauliza watu maswali kama kazi, na mara nyingi katikati ya kazi hiyo nimejikuta nikimkumbuka mwanamke aliyeniomba nisimwulize.

Watu walipoanza kutawanyika Mwalimu alinikuta chini ya mgomba. Mzee sana sasa, koti jeusi la mazishi limemzidi mabega, fimbo mkononi, lakini hakuna aliyemwongoza. Alisimama mbele yangu kabisa, akanipata kwenye kile kipande chake cha dunia.

"Wakili. Inuka twende bustanini."

Bustani ilikuwa imegawanyika. Upande mmoja palikuwa na mistari iliyonyooka, na sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Upande wa pili palikuwa na mimea iliyosimama mmoja mmoja, mbali mbali, kama watoto kwenye gwaride.

"Huu upande ni wangu," alisema. "Mimi bado naanzia kitaluni."

"Mwalimu! Mpaka leo?"

"Aliniachia hii sehemu nikosee kwa raha zangu. Ng'oa hiyo."

Nikainama, nikavuta. Majani yalinipasukia mkononi na karoti ikabaki. Nikachimba kwa vidole, nikashika shingo, nikavuta tena, na safari hii udongo ulipasuka, ukainuka, ukaiachilia kwa shida.

"Umeona ilivyokataa?"

"Nimeona."

"Karoti iliyoota mahali hukataa kutoka." Alikuwa ameelekeza uso kwenye ile mistari iliyonyooka. "Ile ya mwaka ule ilikuja tu. Kama kijiko kwenye uji."

Nilibaki nimechuchumaa, mikono imejaa udongo. Nikakumbuka kile kidole gumba kikishuka polepole, na jinsi alivyozibeba kanisani kama maua.

"Ulijua," nikasema.

"Nilikuwa nimewaambia wazee nitavuna. Kila asubuhi nikiamka naona kidogo kuliko jana, na neno langu limekaa mlangoni, siwezi kupita. Ningewarudia niseme nini?" Alisogeza fimbo kwenye mkono mwingine. "Halafu yeye akanizikia karoti."

"Na yeye? Alijua kwamba ulijua?"

Mwalimu Mugambi alinyoosha mkono, nikampa karoti. Ilikuwa na miguu miwili, minene, imevuka mmoja juu ya mwingine. Akaipangusa kwenye koti lake la mazishi bila kujali, akaivunja pale ilipogawanyika, akanipa mguu mmoja na kubaki na mwingine.

"Kula, Wakili," alisema.